Nairobi Hadi Mombasa kwa Ndege: Maili na Saa

Mtu akitazama ramani, huona Nairobi na Mombasa ni kama majirani. Kwa mstari ulionyooka angani, kiwanja cha ndege cha Embakasi, ambacho tangu mwaka 1978 huitwa Jomo Kenyatta, na kile cha Moi kilichoko Mombasa, viko mbali kwa kilomita 420 hivi, yaani maili 260. Barabara hufika karibu kilomita 485. Reli ya zamani, iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ilizunguka zaidi, maana ilihesabiwa maili 327.

Ndege kubwa ya jeti ikishafika juu yaweza kukata kilomita 800 kwa saa moja. Basi kwa hesabu ya shuleni safari hii ingekuwa nusu saa na kidogo. Mbona basi ratiba huandika karibu saa nzima?

Sababu ni kwamba saa za ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka mahali iliposimama, na hukoma inaposimama tena. Katikati ya hayo hutambaa kwenda mwanzo wa njia ya kurukia na kungoja zamu yake. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,600 na zaidi. Hewa yake ni nyepesi, na kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia mbali kabla ya kuinuka. Ndiyo sababu njia ya Embakasi ina urefu unaopita mita 4,000. Tena safari ni fupi: ndege haijakaa sana juu, mara huanza kushuka na kujipanga sawa na njia ya kutulia.

Lakini hesabu iliyo kubwa iko chini, wala haiko angani. Tuchukue mfano wa karani Mwislamu afanyaye kazi Nairobi, ambaye hupigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi kwamba baba yake amefariki Mombasa. Maiti haicheleweshwi, huenda akazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Karani huyo akitoka nyumbani saa moja, akafika kiwanjani saa mbili, akapata ndege ya saa nne, atatua saa tano. Kutoka Changamwe huvuka Makupa, na yamkini akaingia kisiwani karibu na saa sita. Ameifika sala, ila kwa shida.

Akichukua garimoshi la asubuhi la reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, atakaa njiani saa tano au sita na kushuka Miritini, nje ya mji. Adhuhuri imempita, lakini akingojwa hadi alasiri atamzika baba yake. Akipanda basi, saa nane au zaidi zitamwishia barabarani, na huenda akakuta kaburi limekwisha kufukiwa.

Kwa hiyo yampasa msafiri kuhesabu saa tangu mlango wa nyumba yake hadi mlango wa aendako. Tena katika jambo kama hili, kabla ya kukimbilia tikiti, na aulize kwanza mazishi yatakuwa baada ya sala gani. Jibu la ndugu zake ndilo litakalomwambia apande nini.