Sura ya Tano: Mzimu na Kiko cha Bwana Msa

Kabla ya jini, kabla ya damu, riwaya ya kutisha hutafuta mahali. Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto mwaka 1764, alimfungia msomaji ndani ya ngome ya kale yenye njia za chini kwa chini na ukoo wenye siri. Miaka thelathini baadaye Ann Radcliffe, katika The Mysteries of Udolpho, aliongeza jambo kubwa: mwishoni kila sauti na kila kivuli kikapata maelezo yake. Tawi hilo ndilo linalotufaa tunapowaingiza wanafunzi wetu katika fasihi hii, na Kiswahili kina riwaya yake inayokaa karibu nalo.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Tajiri mwenye mashamba anakutwa ameuawa kwenye mzimu, pale ambapo watu hupeleka sadaka na kuomba shida zao. Mahali penyewe pameshatoa hukumu kabla mtu hajauliza swali. Ndipo anapoingia mpelelezi Bwana Msa na kiko chake mdomoni, pamoja na rafikiye Najum. Kisa kinafanana na The Hound of the Baskervilles ya Conan Doyle, ambamo ukoo mzima unaishi kwa hofu ya mbwa wa laana mpaka Sherlock Holmes anapomtafuta mtu aliye nyuma ya mbwa huyo.

Mwanafunzi wa Kumsenga, huku nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, huenda hajauona mkarafuu wa Unguja ya Abdulla. Asisumbuliwe nao. Hofu ya usiku anaijua, na hadithi za wafu waliokasirika amezisikia kwa Kiha kabla hajajua kusoma. Mwalimu aanzie hapo.

Vitabu havitoshi darasa zima, basi somo lisomwe kwa sauti, polepole. Mwalimu achore mstari katikati ya ubao. Upande mmoja ziandikwe habari ambazo mhusika ameziona kwa macho yake. Upande wa pili, zile alizoambiwa. Kila ukurasa, wanafunzi waamue habari iende wapi, na wabishane. Baada ya kurasa chache upande wa kuambiwa utakuwa umefurika, na hapo darasa litakuwa limegundua lenyewe jinsi mwandishi anavyojenga hofu: anaachia uvumi utangulie, ushahidi anauchelewesha. Kisha liulizwe swali ambalo Bwana Msa haliachi: nani anafaidika watu wakiamini kwamba aliyeua ni mzimu? Riwaya za Abdulla hurudi mara nyingi kwenye nasaba, urithi na siri za ndani ya nyumba, na jibu mara nyingi hulala huko.

Naisisitiza kazi hii kwa sababu kwetu haiishii darasani. Vijiji vya Kigoma vimepitiwa na wapiga ramli wanaoitwa kamchape, wanaoingia nyumba za watu na kudai kufukua uchawi, na wazee hubaki wakiogopa majirani zao. Kijana aliyezoea kutenganisha alichokiona na alichoambiwa anaweza kusimama mbele ya umati akauliza: nani ameona?

Mwalimu asiwadhihaki wanafunzi kwa imani za nyumbani kwao. Bwana Msa mwenyewe hamcheki anayeogopa. Anamwacha aeleze, anasikiliza, kisha anakwenda kukagua. Ukianza kwa kejeli, watanyamaza, na aliyenyamaza hujamfundisha kitu.

Muuaji usimtaje mapema, hata wakikubembeleza. Maliza kitabu pamoja nao, kisha wape Kisima cha Giningi, riwaya nyingine ya Abdulla, ya mwaka 1968, waisome bila wewe.