Ajali, Kosa au Kusudi: Maneno Tunayoyatumia Tunapoandikisha Maelezo

Mahali wanapopita watu wengi kwa miguu, kama pale Petite Barrière kati ya Gisenyi na Goma, kugongana hakukosi. Mmoja ana beseni la nyanya kichwani, mwingine anasukuma baiskeli ya magurudumu matatu iliyosheheni mizigo, wa tatu ana haraka zake. Beseni linaanguka, nyanya zinatawanyika, na mwenye nyanya anaumia goti. Tukio lenyewe huisha kwa nukta chache, lakini neno litakalotumika kulieleza mbele ya afisa hubaki katika faili. Mwenye beseni atasema, "Alinisukuma." Mwenye baiskeli atasema, "Nilimgonga kwa bahati mbaya." Shahidi aliyekuwa nyuma yao atasema, "Beseni lilianguka." Watatu hao wanaeleza jambo moja, na huenda hakuna hata mmoja anayesema uongo.

Sisi wa kitengo cha uhusiano na jamii tumeona vema kulieleza suala hili, kwa kuwa wakazi wa mpakani huishi katika lugha nne kwa siku moja: Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa na Kiingereza kwenye karatasi. Kiswahili nacho, tangu mwaka 2017, ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Kila lugha kati ya hizo ina njia yake ya kusema kwamba jambo limetendeka bila mtu kulitaka, na njia hizo hazifanani.

Tuanze na Kiswahili. Lugha hii huweza kumficha mtendaji kwa kubadili mwisho wa kitenzi tu. Mtu amevunja sahani, au sahani imevunjika. Amemwaga maziwa, au maziwa yamemwagika. Amepoteza fedha, au fedha zimepotea. Kila mzazi anajua ni kauli ipi mtoto huichagua anapoulizwa habari za sahani. Madereva nao wana za kwao: gari liliacha njia, usukani ulinishinda, breki zilikataa. Kauli hizi si uongo, na aghalabu hutoka kinywani mwa mtu aliyeshtuka na anayetetemeka. Lakini mwandishi wa maelezo hawezi kuishia hapo. Atauliza: breki zilikaguliwa lini? Ulikuwa mwendo gani ulipoanza kuteremka kuelekea mjini? Ulikuwa umeshika simu? Maswali hayo si ya kumtega mtu. Ni ya kujaza pengo lililoachwa na kitenzi.

Neno "ajali" lenyewe lina historia inayoeleza mengi. Limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni muda uliokadiriwa, hasa saa ya mtu kufa. Ndiyo maana Waswahili husema ajali haina kinga, na ndiyo maana dereva anapotamka "ni ajali tu" huwa anasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba gari limegonga, na kwamba ilikuwa imeandikwa. Kinyarwanda husema "impanuka", neno lililotokana na "guhanuka", yaani kuporomoka kutoka juu. Humo hamna majaliwa. Mna kitu kilichoanguka, na kitu kilichoanguka kilikuwa kimewekwa mahali fulani. Kwa maoni yetu neno hilo la Kinyarwanda linamfaa zaidi mpelelezi, ingawa hatumlaumu mtu kwa kulipenda la Kiswahili.

Hatari kubwa zaidi imo katika neno moja la Kinyarwanda ambalo wageni, na hata baadhi ya wakalimani wa papo kwa papo, hulisikia vibaya. "Kubeshya" ni kudanganya. "Kwibeshya" ni kukosea bila kujua. Kwa ujenzi wake ni kujidanganya, lakini maana yake ya kila siku ni kughafilika. Mtu akisema "naribeshye", amesema: nilikosea. Akisema "narabeshye", amesema: nilidanganya. Tofauti ni vokali moja tu. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyejaza fomu ya bidhaa na kuandika magunia 4 badala ya 6. Anaeleza kwa Kinyarwanda kwamba alikosea, naye jirani aliyejitolea kutafsiri anayepita tu anamwandikia Kiswahili cha "nilidanganya". Sahihi ikishatiwa, kosa la hesabu limegeuka kukiri kosa la jinai.

Kiswahili cha upande wa Goma nacho kina mtego wake. Huko "nilikosa" huweza kumaanisha nilikosea, hali msomaji wa Kiswahili sanifu ataelewa kwamba mtu huyo hakupata kitu, au alitenda kosa. Na Mnyarwanda asemapo "kuvuna" kwa habari ya mkono, hazungumzii mavuno ya shambani, mkono umevunjwa.

Sheria inafanya nini na maneno haya? Nchini Rwanda, Sheria Na. 68/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inatenganisha kwa uwazi anayeua kwa kukusudia, ambaye adhabu yake ni kifungo cha maisha, na anayesababisha kifo bila nia hiyo, kwa uzembe, kutokuwa makini, kutofuata kanuni au kukosa tahadhari. Huyu wa pili huweza kufungwa kati ya miezi 6 na miaka 2, pamoja na faini ya faranga 500,000 hadi 2,000,000. Umbali kati ya adhabu hizo mbili unaonyesha uzito wa neno "kukusudia". Sheria ya jinai ya Kongo nayo inatambua kosa lisilo la kukusudia, linalotokana na kukosa kuona mbele na kukosa tahadhari, kwa hiyo mkazi wa Goma hatakuta hapa fikra iliyo ngeni kwake.

Hapa ndipo wengi wanapotuelewa vibaya. "Sikukusudia" si sawa na "sina kosa". Dereva aliyekuwa akiandika ujumbe kwenye simu hakukusudia kumgonga mtoto, na hakuna anayedai alikusudia. Anachoulizwa ni kwa nini macho yake hayakuwa barabarani. Kinyume chake, mtu asikubali kuandikiwa "kwa makusudi" kwa sababu tu amejaa huzuni na anajilaumu. Tumewasikia watu wakisema "nimemwua" kuhusu ndugu aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki waliyopanda pamoja. Ni kauli ya maombolezo, si maelezo, na afisa makini humpa mtu huyo maji ya kunywa kabla ya kuchukua kalamu.

Basi, ndugu msomaji, ukiitwa kueleza, sema ulichofanya kwa mikono na miguu yako kabla ya kukipa jina: nilikuwa nimesimama hapa, nilisukumwa kutoka nyuma, beseni likaniponyoka. Eleza kwa lugha unayoiota usiku, si ile unayoitumia kuonekana msomi. Kama lugha ya mahojiano huifahamu sawasawa, omba mkalimani. Ni haki yako. Iwapo maelezo yamechukuliwa na polisi wa usalama barabarani au na mpelelezi wa RIB, omba usomewe "inyandikomvugo" yako taratibu kabla ya kutia sahihi, na ukisikia neno usilolitamka, lirekebishwe hapo hapo.

Ajali ya barabarani huripotiwa kwa simu namba 113, na dharura nyingine kwa namba 112.