Sahara Iacheni Ilivyo

Swali huja kwa sura ileile: kwa nini wasilifunike Jangwa la Sahara kwa paneli za sola, dunia nzima ikapata umeme, mambo yakaisha? Anayeuliza ameshaiona ile hesabu inayozunguka kwenye simu, kwamba jua la saa moja lingetosha matumizi ya binadamu wote kwa mwaka mzima, na sasa anataka kujua nani anazuia. Kampuni za mafuta? Serikali? Nimeulizwa harusini, nimeulizwa kwenye daladala, nimeulizwa na watu wenye shahada zao. Leo najibu kwa maandishi ili nipumzike.

Hesabu yenyewe si uongo. Jua huipiga dunia kwa terawati zipatazo 173,000, nasi sote, pamoja na viwanda, magari na majiko yetu, tunatumia kama 20. Hata ardhi ipo. Shamba zuri la sola mahali penye jua la kutosha, ukipiga wastani wa usiku na mchana, linaweza kutoa wati 20 hivi kwa kila mita ya mraba. Gawanya mwenyewe: zinahitajika kilomita za mraba milioni 1, eneo linaloizidi Tanzania kidogo tu. Sahara ina zaidi ya milioni 9. Hapo ndipo wengi hudhani kesi imekwisha.

Haijaisha. Kwanza, Sahara nayo huingia giza. Jua likishazama Port Sudan, upande wa mashariki, baada ya saa tatu na nusu hivi limezama na Nouakchott kule Mauritania, na kuanzia hapo jangwa zima halitoi hata wati moja. Huku kwetu, Kenya na Tanzania, mahitaji ya umeme hupanda kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, watu wakiwa wamerudi makwao. Shamba la sola la Garissa, lililozinduliwa 2019 likiwa na megawati 50 na ushei, saa hizo limelala. Liongeze mara kumi: mchana utakuwa na umeme wa kumwaga, na usiku sifuri mara kumi ni sifuri.

Pili, joto. Kuna imani kwamba jua likichoma zaidi, umeme nao huongezeka. Si kweli. Paneli inataka mwanga, joto linaiumiza. Igeuze yoyote usome lebo iliyobandikwa mgongoni. Zile wati 400 zilipimwa maabara, seli zikiwa na nyuzijoto 25. Chini yake kuna mstari mdogo ambao wauzaji wengi hawausomi: kwa kila nyuzijoto moja inayozidi hapo, hupungua asilimia 0.35 au karibu na hiyo. Juu ya bati, adhuhuri ya Februari, seli hufika nyuzijoto 65 bila taabu. Zidisha: asilimia 14 imekwenda na maji, 400 zimebaki 344. Sahara mambo si nafuu, na juu yake kuna vumbi. Kilomita za mraba milioni moja za paneli utaziosha kwa maji yapi?

Tatu, Sahara ina wenyewe. Imegawanyika kati ya nchi kama kumi, baadhi zikiwa vitani, na nyaya lazima zipite kwao. Wenye fedha walishajaribu. Mwaka 2009, kampuni kubwa, zikiwemo Siemens na Deutsche Bank za Ujerumani, ziliunda muungano wa mradi wa Desertec, lengo likiwa kuipatia Ulaya asilimia 15 hivi ya umeme wake kutoka jangwani ifikapo 2050. Siemens ikatangaza kujitoa 2012, na miaka miwili baadaye wengi wa wenzake wakawa wameondoka. Jua halikuwahi kuwa haba. Bei za paneli zilishuka mno, kwa takriban asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, hata Mjerumani akaona heri azifunge juu ya paa lake mwenyewe.

Naye Mjerumani hupata kama kilowati-saa 3 za jua kwa mita ya mraba kwa siku. Dodoma hupata 6 hivi, na Sahara penye bahati, 7. Mtu wa Dodoma anayeota jua la Sahara anakwenda kuchota maji kwa jirani ilhali bomba lake linatiririka.

Basi jua litaweza siku moja? Sehemu kubwa, ndiyo, lakini si peke yake. Mwaka 2024 lilitoa takriban asilimia 7 ya umeme wa dunia, na umeme wenyewe ni kama moja ya tano tu ya nishati inayomfikia mtumiaji. Iliyobaki ni petroli, tanuri za saruji, viwanda vya mbolea, mkaa. Kazi ni mbili: kuuhamishia mchana jioni, na kuhamishia magari na majiko kwenye umeme.

Njia zipo, nazitaja haraka. Mchana jua lifanye kazi, maji yatunzwe Mtera na Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115, yafunguliwe jioni. Mvuke wa Olkaria haujui usiku, na upepo wa Turkana huvuma zaidi giza likiingia. Nchi ziunganishwe, kama njia ya kilovoti 500 kutoka Ethiopia hadi Kenya. Nyumbani, nunua betri ya lithiamu mfuko ukiruhusu. Ya asidi usiishushe chini ya nusu. Ya gari iache kwenye gari. Pampu, pasi na kufua, mchana. Acha upenyo kati ya bati na paneli hewa ipite, osha alfajiri kabla hazijapata moto. Pikia jiko la presha la umeme: nusu kilo ya maharage huiva kwa chini ya uniti moja. Na fundi akikuapia kwamba paneli zake zitamaliza shida zote, mwulize saa mbili usiku zitatoa nini, kisha msikilize anavyojibu kabla hujatoa hela.