Pilipili Mboga ya Uani: Mbegu Ipi kwa Joto la Mwambao?



Kabla ya kuitafuta mbegu yafaa tukubaliane juu ya jina, kwani jina lenyewe limewapotosha wengi. Wazee wetu wa mwambao walipotaja pilipili hoho walikusudia ile iwashayo. Na isiyowasha wakaiita pilipili mboga, au pilipili boga. Bara mambo ni kinyume: hoho kwao ndiyo hiyo isiyowasha. Na kwa kuwa mboga nyingi ziuzwazo Kongowea na Marikiti hushuka kutoka bara, jina la huko nalo limeshuka pamoja nazo. Leo bibi na mjukuu wake wakiagizana hoho sokoni, kila mmoja ana lake moyoni. Sisi katika makala haya tutasema pilipili mboga, na tukihitaji kuitaja iwashayo tutaiita kali.

Zote mbili ni ndugu. Asili yao ni Amerika, na zilifika pwani yetu kwa njia ya Wareno, waliotia nanga hapa kwa mara ya kwanza mwaka 1498. Kabla ya hapo wenyeji waliijua pilipili manga tu, iliyoletwa na majahazi kutoka Bara Hindi. Pilipili mboga ni pilipili ile ile, ila haitengenezi ndani yake kile kitu kiwashacho, kiitwacho kapsaisini. Undugu huu tuukumbuke. Utaturudia tutakapofika kwenye habari ya kuweka mbegu.

Lililotusukuma kuandika ni malalamiko tunayoyasikia kila mwaka kutoka kwa mama zetu na dada zetu wenye vijibustani vya uani: mche umenawiri, majani yamejaa, maua yatoka, kisha yapukutika yote na hapatikani hata tunda moja. Yafuatayo malalamiko hayo ndiyo yanayotuhuzunisha zaidi. Huyu asema ana mkono mkavu, usiootesha. Yule asema ametupiwa jicho. Na jirani aliyepita juzi akausifu mche ndiye anayebebeshwa lawama, akanuniwa, hata sahani ya futari ikakoma kuvuka ukuta. Hatukanushi kuwa hasadi ipo. Lakini ua la pilipili lina sababu iliyo karibu zaidi kuliko jicho la jirani, na mwenye kuiacha sababu iliyo wazi akamtuhumu mwenzake amepata hasara mbili: amekosa mboga na amekosa ujirani.

Sababu hiyo ni joto, hususan joto la usiku. Pilipili mboga hupenda mchana wa nyuzi 20 hadi 28 hivi, na usiku wenye ubaridi. Mchana ukipita nyuzi 32, au usiku usiposhuka chini ya nyuzi 24, chavua hudhoofika, ua halishiki, na mti hulitupa. Sasa utazameni mji wa Mombasa. Mwezi wa Februari na wa Machi mchana hufika nyuzi 32 na zaidi, na usiku joto hukaa palepale kwenye 24 au 25. Mwezi wa Julai na wa Agosti, kusi ivumapo, mchana huwa nyuzi 27 au 28, na usiku hushuka hadi karibu na 21. Mche mmoja, udongo mmoja, mkono mmoja, lakini katika msimu huu hauzai na katika ule huzaa. Ua lililochanua Machi likadondoka halikuhitaji mtu wa kulitazama kwa jicho baya.

Kwa hiyo suala la kwanza si mbegu ipi, bali mbegu lini. Sisi twaonelea mbegu iatikwe katikati ya Aprili au Mei, chini ya kivuli na chini ya kizuizi cha mvua, kwa sababu masika yetu hupiga kwa nguvu na huivunja miche michanga. Kwa joto letu huota baada ya siku 8 hadi 14. Mche ukifika wiki sita, ukiwa na majani sita au manane ya kweli, hupandikizwa. Hapo ni Juni, maua yatachanua Julai, na mavuno yatakuja Agosti hata Oktoba. Wengi hufanya kinyume: huatika Novemba baada ya kuziona mvua za vuli, na maua yakaja kukutana na kaskazi na jua lake.

Tukisha kulijua hilo, ndipo tuingie dukani.

Mbegu iliyozoeleka mno katika maduka ya pembejeo nchini ni California Wonder. Ni mbegu ya Kimarekani ya tangu miaka ya 1920. Tunda lake ni la mraba, lenye vyumba vitatu au vinne, ukuta mnene, kijani kisha jekundu, na huchumwa kijani baada ya siku 70 hadi 80 tangu kupandikizwa. Pakiti yake ni rahisi. Uzuri wake mkubwa kwa mama wa nyumbani ni kwamba si chotara: mbegu zake zikihifadhiwa vyema hutoa watoto wanaofanana na mzazi. Kasoro yake kwetu ni kuwa, kama mbegu zote za tunda kubwa la mraba, hupukutisha maua upesi joto linapozidi.

Dada yake ni Yolo Wonder. Kwa tunda hutaweza kuzitofautisha kwa urahisi, lakini mti wa Yolo una majani mengi yanayolifunika tunda, na jambo hilo kwetu lina thamani. Pilipili iliyo uchi mbele ya jua la mwambao hubabuka. Utaona doa jeupe kama karatasi upande uelekeao jua, kisha doa hilo huoza. Tena Yolo iliteuliwa kwa uwezo wake wa kustahimili virusi vya mozaiki ya tumbaku. Ugonjwa huo huweza kubebwa na tumbaku yenyewe, hata iliyokaushwa. Basi wavuta sigara, na mabibi zetu walao tambuu yenye tumbaku, waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kuigusa miche. Huenda mche ukafaulu kuwaachisha wasioweza kuachishwa na waadhi zetu.

Kisha kuna pilipili mboga ndefu, zenye ncha, za ukuta mwembamba, kama ile iitwayo Sweet Banana, ambayo hutoka ya manjano mpauko na kuishia nyekundu. Hizi hazipendwi sokoni kwa sababu mnunuzi akiiona pilipili ndefu hudhani ni kali. Lakini kwa bustani ya nyumba, hasa ya ndoo na madebe, sisi twazipendelea. Tunda dogo huutaka mti nguvu kidogo, hivyo maua mengi zaidi hushika hata siku za joto, na mti mmoja hutoa matunda mengi madogo badala ya machache makubwa. Familia haihitaji pilipili kumi siku moja. Yahitaji mbili leo na mbili kesho.

Ama mbegu za F1, yaani chotara, ziko kwa majina mengi, na sifa zake nyingi ni za kweli: huzaa sana, matunda hulingana, na baadhi yake huyahimili maradhi mahususi yaliyoandikwa kwenye pakiti. Bei yake ni mara kadhaa ya bei ya California Wonder, na mbegu uzitoazo kwenye tunda lake hazitarudisha mti ule ule. Kila msimu sharti urudi dukani. Kwa mkulima anayeuza gunia hesabu yaweza kumlipa. Kwa mama mwenye miche minane nyuma ya jiko hatuoni haja, ila awe ameshateswa na ugonjwa fulani na F1 hiyo iwe yaustahimili ugonjwa huo huo kwa jina lake. Akiambiwa na muuzaji kuwa ni nzuri tu, aiache. Na pakiti yoyote ainunuayo, aitazame tarehe ya kumalizika muda wake, na ainunue katika duka lenye kibali. KEPHIS ndiyo taasisi ya serikali inayosimamia ubora wa mbegu.

Wako pia wanaotoa mbegu kwenye pilipili waliyoinunua sokoni. Ikiwa ni ya kijani, mbegu zake aghalabu hazijakomaa na nyingi hazitaota. Ikiwa nyekundu zitaota, lakini mara nyingi mzazi alikuwa F1, na utakachokipata ni bahati nasibu, mchezo ambao hatuupendi hata katika mboga.

Sufuria nayo ina neno lake. Anayetaka kuzijaza nyama, au kuzikata vipande vya kuchomeka baina ya mishikaki, ataka ukuta mnene. Huyo ni wa California au Yolo. Wa kachumbari, wa rojo la biriani na wa kukaanga haraka na vitunguu atatosheka na ndefu nyembamba, ambazo huiva upesi na ganda lake halisumbui mdomoni. Na kwa ajili ya watoto twapenda kuwakumbusha kuwa pilipili nyekundu si aina nyingine bali ni ya kijani iliyoachwa ikaiva, wiki mbili hadi nne zaidi mtini. Ya kijani ina kiasi cha miligramu 80 za vitamini C katika gramu 100, kupita chungwa. Nyekundu hupita 120, tena huwa na vitamini A kwa wingi zaidi, nayo ni tamu hata mtoto huitafuna bichi. Moto hupunguza vitamini C, basi sehemu yao iwe ya kachumbari. Gharama ya kungoja wekundu ni kwamba mti wenye matunda yanayoiva hupunguza kutoa maua mapya. Twashauri miti miwili iachiwe watoto, na mingine ichumwe kijani.

Wa nyumba za mjini wasio na uwanja watumie ndoo au debe la lita 20, mche mmoja kwa kila chombo, kitobolewe chini, kijazwe udongo na samadi iliyooza vyema, kwa maana samadi mbichi huunguza mizizi. Si mahali palipokuwa na nyanya wala biringani msimu uliopita. Hizo ni jamaa moja na hurithishana maradhi. Maji yawe ya kila siku na ya kiasi, baada ya Alfajiri au baada ya Alasiri. Leo mafuriko na kesho ukame ndiko kunakoleta doa jeusi kwenye kitako cha tunda. Maji ya udhu yakingwe katika beseni yamwagiwe miche, maadamu hayana sabuni. Lakini visima vyetu vingi vilivyo karibu na bahari ni vya chumvi, na pilipili haiivumilii sana chumvi. Mwenye kisima cha namna hiyo ayakinge maji ya mvua, au miche aipunguze iwe mitatu tu anayoweza kuitekea maji baridi. Vidukari chini ya majani wasuguliwe kwa kidole na kuoshwa kwa maji ya sabuni hafifu. Anayelazimika kutumia dawa ya dukani asome kwenye chupa idadi ya siku zinazopasa kupita kabla ya kuchuma, azihesabu zote, na awafahamishe wa nyumbani, kwani mtoto apitaye uani hatasoma chupa.

Sasa turudi kwenye undugu. Kuna shutuma nyingine ya ujirani: fulani alinipa mbegu za pilipili mboga, nikapanda, zikatoka kali, amenidanganya. Hakudanganya. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa, lakini nyuki hupita, na kama uani mna mche wa pilipili kali ndefu karibu na wa mboga, baadhi ya mbegu zitakuwa na baba mkali. Tunda utakalolichuma mwaka huu halitabadilika. Litakuwa tamu kama desturi. Ukali umejificha katika mbegu, nao ndio unaotawala: mche utakaoota mwakani huzaa matunda yawashayo, na mtoto akalia mezani.

Dawa yake ni nyepesi. Chagueni mti ulio bora kwa afya na kwa uzazi, si tunda kubwa tu. Chukueni ua ambalo halijafunguka, lifungeni ndani ya kijifuko cha shashi, mlitikise kidogo kila asubuhi. Tunda likishaanza kutokeza ondoeni kijifuko na mfunge uzi wa rangi kwenye kikonyo chake ili lisichumwe na mtu. Liacheni liive wekundu kamili hata lianze kusinyaa. Toeni mbegu, zianikeni kivulini kwenye sahani kwa siku kadhaa hata zivunjike zikikunjwa, kisha zitieni katika chupa yenye kifuniko cha kukaza pamoja na kijiko cha mchele mkavu wa kuvuta unyevu wa pwani. Nje ya chupa andikeni aina, mwaka, na kama palikuwa na pilipili kali karibu au la. Na jirani akiomba mbegu, apewe pamoja na maandishi hayo.