MOTO UKIKATIKA, DUKA LINABAKI NAMNA GANI?



Wengi kati yetu ni watoto wa wafanya biashara. Baba ana duka sokoni Baraka, mama anauza samaki wa baridi, kaka anasharji simu za watu, jirani ana duka la dawa. Wote wanajua neno hili: "Moto umekatika!" Leo tunaeleza mambo ya kutengeneza mbele ya siku hiyo. Giza lenyewe haliui mtu. Kinachoua, na kinachofilisi, ni haraka ya mtu asiyejitayarisha.

1. Umeme unatoka wapi?

Katika Kivu ya Kusini mto Ruzizi unafanya kazi kubwa. Mtambo wa Ruzizi I ni wa miaka ya 1950, Ruzizi II ni wa mwaka 1989. Upande wa kusini, kule Bendera, maji ya mto Kiymbi yanapatia Kalemie umeme. Sisi wa Fizi na Baraka tuko katikati, na wafanya biashara wengi wanajitegemea kwa jenereta, batri na vibao vya jua. Basi kwetu moto unakatika kwa sababu nyingi: mafuta yamekwisha, mvua imeharibu barabara ya Uvira na lori halikufika, batri imechoka, ao mashini imekufa.

Lakini tusifikiri kwamba wenye waya kubwa wameokoka. Kisiwa cha Unguja, Zanzibar, kilikuwa kinapata umeme kwa njia moja tu, inayopita chini ya bahari. Njia hiyo iliharibika Mei 2008, watu wakakaa gizani karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Desemba 2009 ikaharibika tena mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Hata pampu za maji zilisimama, na mahoteli yakaishi kwa jenereta. Waya mpya wenye nguvu zaidi ulianza kazi mwaka 2013. Tunajifunza hivi: mwenye njia moja tu, siku ikifungwa hana njia.

2. Piga hesabu kwanza

Chukua kalamu. Taa 4 za wati 10 ni wati 40. Batri ya volti 12 na amperi-saa 100 ina wati-saa 1200 (12 × 100). Batri ya asidi si vizuri kuimaliza. Tumia nusu, ni kusema 600. Gawanya 600 kwa 40: taa zitawaka saa 15. Sasa ongeza friza inayokula wati 150. Jumla ni 190, na batri ile ile haifiki saa 4. Tena, mota ya friza inapoanza inavuta nguvu mara kadhaa kupita kawaida yake, ndiyo maana jenereta ndogo inashindwa. Kwa hiyo mwenye duka aandike orodha: kitu gani lazima kiendelee, na kitu gani kinaweza kulala.

3. Chunga baridi

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, inachunga baridi karibu saa 48. Iliyo nusu, saa 24. Frigo ya kawaida, saa 4 tu. Kama friza haijai, weka ndani chupa za maji zigande, zitasaidia samaki. Na usifungue-fungue kuangalia!

Kwa dawa, angalisho kubwa. Chanjo nyingi na insulini zinataka digrii 2 mpaka 8. Dawa iliyoharibiwa na joto mara nyingi haionyeshi kwa macho. Mwenye duka la dawa awe na kipima joto ndani ya frigo, na iliyopita kipimo asiiuze.

4. Jenereta isilale ndani

Hapa ndipo watu wanakufa. Mtu anaogopa wezi, anaingiza jenereta dukani, anafunga mlango, na zamu analala humo. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, mwili unalegea. Na aliyelala haamki. Kufungua dirisha hakutoshi.

Dawa ya wezi ni nyingine: tengeneza kizimba cha vyuma nje, chenye paa lakini wazi pembeni, ufunge mashini kwa mnyororo. Kiwe mbali na milango na madirisha, metre 6 hivi. Ukimkuta mtu amelegea, umtoe nje upesi kwenye hewa safi, umpeleke hospitali.

5. Esansi si maji

Tunakumbuka Sange, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilianguka, watu wakakaribia kuchota, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka ukutane na moto. Basi zima jenereta, ngoja ipoe, ndipo uongeze mafuta, na kwa mwanga wa tochi, si mshumaa. Bidoni zisikae dukani karibu na watu.

6. Moto ukirudi

Moto ukikatika, chomoa vyombo vyote, uache taa moja ikuonyeshe. Ukirudi, nguvu yake inaweza kuruka na kuunguza. Ngoja dakika chache, kisha washa kimoja kimoja. Na kama nyumba imefungwa kwenye waya za mtaa, usitie jenereta bila swichi ya kutenganisha njia hizo mbili. Umeme wako utarudi mpaka kwenye miti, na fundi aliye juu atakufa.

Kazi ya likizo

Ukifika nyumbani, uliza kwa heshima: "Baba, jenereta yetu inalala wapi? Nani analala karibu nayo?" Kama jibu ni "ndani", msaidie kuitoa siku ile ile, kabla ya usiku.