Faida ya Vikundi Vidogo Katika Somo la Kiingereza

Lugha hujifunzwa kwa kuisikia na kuisema. Hakuna mwalimu asiyelijua jambo hili, lakini ni wachache tunaolipigia hesabu. Tuchukue mfano wa darasa lenye wanafunzi 90, idadi ambayo si ngeni katika shule za msingi za mjini Mwanza. Kipindi kina dakika 40. Hata kama mwalimu angenyamaza kabisa na kuwagawia watoto kipindi chote kwa usawa, kila mmoja angepata sekunde zisizofika 27. Kwa kuwa mwalimu hawezi kunyamaza, mtoto wa dawati la nyuma aweza kumaliza juma zima bila kutamka sentensi hata moja ya Kiingereza iliyo yake mwenyewe.

Madhara yake huonekana baadaye. Mtoto huyo akifaulu kuingia Kidato cha Kwanza, atafundishwa takriban masomo yote kwa Kiingereza. Mzazi wa Buzuruga mwenye uwezo humpeleka mwanawe shule ya kulipia, yenye watoto wachache darasani. Mwana wa mchuuzi wa dagaa hubaki katika darasa la 90. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtoto huyu wa pili naye aweza kupata nafasi ya kusema.

Darasa dogo na kikundi kidogo

Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa moja. Kufutwa kwa ada za shule za msingi mwaka 2001, na kuondolewa kwa michango ya lazima kuanzia mwaka 2016, kuliwaleta shuleni watoto wengi ambao wangebaki nyumbani. Hilo ni jema, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile.

Je, kupunguza idadi peke yake kwatosha? Katika jimbo la Tennessee, Marekani, uchunguzi wa mwaka 1985 hadi 1989 ulilinganisha madarasa ya watoto 13 hadi 17 na yale ya watoto 22 hadi 25. Watoto wa madarasa madogo walishinda katika kusoma na katika hesabu. Lakini jirani zetu wa magharibi mwa Kenya walipata jibu lenye funzo zaidi. Kuanzia mwaka 2005, shule 140 za huko zilipewa mwalimu wa ziada wa mkataba, na madarasa ya watoto wapatao 80 yakapungua kwa karibu nusu. Watoto waliobaki na walimu wa kawaida hawakuendelea kwa kiasi cha kutajika, na watafiti waliona kwamba juhudi za walimu hao zilipungua. Waliofundishwa na walimu wa mkataba ndio waliopata maendeleo.

Ni dhahiri basi kwamba faida haitokani na uchache wa watoto wenyewe, bali na kazi ambayo uchache huo humwezesha mwalimu kuifanya. Darasa dogo hudai kuta, mishahara na fedha. Kikundi kidogo hudai mpango wa mwalimu tu.

Mpango wenyewe

Dawati la kawaida hukaliwa na watoto watatu. Watoto wa dawati la mbele wakigeuka kuwatazama wa nyuma yao, kikundi cha watu sita kimekwisha patikana bila kuhamisha kitu. Darasa la 90 hutoa vikundi 15. Mwalimu atumie dakika 10 za kwanza kufundisha maneno na sentensi za siku hiyo, dakika 20 ziwe za vikundi, na dakika 10 za mwisho ziwe za kusahihisha ubaoni. Katika dakika 20 hizo kila mtoto apata zaidi ya dakika tatu za kusema, badala ya sekunde 27. Mwalimu akikaa na vikundi vitatu kila kipindi, atakuwa amewasikia watoto wote 90 kwa vipindi vitano.

Kazi iwe fupi na yenye mipaka. Kwa mfano, watatu wawe wauzaji wa sato na sangara, na watatu wawe wanunuzi waulizao bei na kujibizana. Vizibo vya soda vyatosha kuwa fedha.

Masikio ya mwalimu

Darasa zima likiitikia kwa sauti moja, makosa hujificha. Katika kikundi hudhihirika. Mtoto mmoja hatofautishi “light” na “right”. Mwingine husema “he” akimtaja mama yake, kwa kuwa neno letu “yeye” halibagui mume na mke. Wa tatu hutamka “ship” na “sheep” kwa namna moja. Kiswahili kina irabu tano tu, hali Kisukuma kina saba, tena hutenganisha irabu ndefu na fupi. Kwa hiyo mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani ana sikio lililokwisha zoea tofauti za aina hii, na mwalimu aweza kulitumia. Wengine wataanza mbali zaidi. Mwalimu hawezi kujua haya bila kuwasikia mmoja mmoja.

Mashaka ya walimu

Wako wanaosema kwamba watoto watazungumza Kiswahili wakiachwa peke yao. Waache wakitumie kuelezana kazi, mradi majibizano yenyewe yawe ya Kiingereza. Wengine huhofia kuambukizana makosa. Ndiyo sababu mwalimu hutembea na daftari, akaandika makosa yanayorudiwa, akayasahihisha mwishoni bila kumtaja mtoto. Kuhusu kelele, yafaa mwalimu mkuu na jirani wa chumba cha pili waarifiwe mapema.

Mwalimu asiyepata kuujaribu mpango huu na aanze na kipindi kimoja kwa juma. Aandike majina ya watoto aliowasikia wakisema, na mwisho wa mwezi aangalie ni akina nani ambao bado hawajasikika. Hao ndio wa kuanza nao mwezi unaofuata.