Kibwebwe cha Nguzo za Zege

Nguzo ya zege ikielemewa hubonyea kwa urefu na kutanuka ubavuni. Ikitanuka kupita kiasi, zege humeguka, nondo za wima hupinda, na sakafu ya juu hukosa pa kukaa. Kinga yake ni ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo. Ringi zikiwa chache, tetemeko huikuta nguzo haina cha kuibana.

Mji wa Gisenyi, nchini Rwanda, unayajua matetemeko. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ya Rubavu, wilaya ya mji huo, na ya Goma ng'ambo ya mpaka ilitikisika kwa siku kadhaa, nyumba zikapasuka, na wagonjwa wa hospitali ya Gisenyi wakahamishiwa kwingine. Jengo la hospitali ndilo la kufikiriwa kwanza, kwani majeruhi hukimbilia humo wakati ambapo nguzo zake nazo zinatikiswa.

Nguzo iliyokwisha kujengwa inaweza kuimarishwa bila kubomolewa, kwa kufungwa kitambaa cha nyuzi za kaboni au za glasi kilicholoweshwa gundi ya epoksi. Njia hii ilienea Marekani na Japani hasa baada ya matetemeko ya Northridge (1994) na Kobe (1995).

Zege bovu hutolewa kwanza na kutu ya nondo kusafishwa, maana kutu iliyofungiwa ndani huendelea kula chuma. Pembe za nguzo ya mraba huviringwa, kwa sababu pembe kali hukata nyuzi. Kisha kitambaa huzungushwa kwa mlalo na kukazwa kama kibwebwe, ncha zake zikipandiana. Tabaka moja ni jembamba mno, lakini nyuzi za kaboni hustahimili kuvutwa mara kadhaa zaidi ya nondo. Nguzo ya duara ndiyo inayonufaika zaidi, kwa kuwa hubanwa sawasawa pande zote; ya mraba hubanwa hasa kwenye pembe.

Epoksi mbichi huwasha na kuleta upele, na vumbi la zege linalosagwa huharibu mapafu. Glavu na barakoa ni lazima kwa fundi. Epoksi ikishakauka, adui wake ni moto: hulainika hata kabla ya nyuzijoto 100, hivyo huhitaji kufunikwa kwa plasta ya kinga.

Kitambaa hiki hakiponyi kuta za matofali wala msingi. Mwaka 2021 ardhi ya Gisenyi yenyewe ilifunguka nyufa, na nyumba iliyosimama juu ya ufa hupasuka kuanzia chini, hata nguzo zake ziwe imara namna gani. Mhandisi hukagua udongo na msingi kabla ya kuagiza kitambaa.